Jina la Mtunga Shanga

Yeyo aliuchukua mkufu nilioanza kuutunga siku tatu nyuma, akaugeuza mara mbili juani, akatoa wembe kwenye pindo la shuka lake na kukata uzi. Safu nne zikamwagika juu ya ngozi ya mbuzi tuliyoikalia. Hakuwa amekasirika. Alizikusanya shanga kwa viganja, nyekundu akazisogeza huku, bluu kule, kisha akaniambia kwa Kiswahili chake kisicho na haraka: “Hapa hukupumua, entito ai.”

Nilikuwa nimepanga nyekundu, nikafuatisha bluu, nikarudi kwenye nyekundu. Rangi mbili zenye nguvu sawa zilikuwa zikigombania jicho. Palihitajika ukanda mwembamba wa nyeupe katikati, mahali pa jicho kutua kabla ya kuendelea na safari. Nilikuwa nimeutazama mkufu huo siku tatu nikijua una kasoro, ila sikujua iko wapi. Yeye aliiona kwa kuugeuza mara mbili.

Entito ai kwa Kimaasai ni “binti yangu”, na yeyo ni “mama”. Jina lake halisi halimo humu. Nilimwomba ruhusa ya kuliandika, akakataa. Jina lake, alisema, liende na mkufu, kwa mtu aliyetoa fedha yake akauchagua. Gazetini litakwenda kwa watu wasiomdai wala asiowadai. Msimamo huo nimeuheshimu, na ndio ulionifanya niandike makala haya, kwa kuwa kabla ya hapo sikuwa nimefikiri kwamba mkufu unaweza kubeba jina la mtu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Karatu. Shanga ni kazi yangu ya jioni na ya mwisho wa wiki, kazi niipendayo, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiuza kwa simu vitu ninavyotunga pamoja na vya wanawake wachache wa Piyaya walionifundisha, Yeyo akiwa mmoja wao. Si biashara kubwa. Ni vifurushi vichache kwa mwezi, na kuna miezi isiyo na kifurushi hata kimoja.

Kiswahili kimetupa kitenzi kimoja ambacho nimekitumia maisha yangu yote bila kukisikiliza. Tunatunga shairi, tunatunga sheria, tunatunga samaki kwenye kamba, tunatunga shanga. Kazi zote hizo ni za kuchukua vitu vilivyotawanyika na kuvipitishia uzi mmoja. Lakini mtunzi wa shairi wa pwani alikuwa na desturi ya kujitaja katika beti za mwisho: mimi ni fulani, mwana wa fulani, mkazi wa mji fulani. Aliyeghani shairi hilo miaka mia baadaye alilitamka na jina la mwenyewe. Mtunga shanga hakupewa ubeti wa mwisho. Mkufu ukivuka kreta ya Ngorongoro na kufika kwenye duka la vinyago, tayari umekuwa “wa Kimaasai” tu, kana kwamba kabila zima lilikaa chini ya mti mmoja likautunga.

Piyaya ni kata ya Wilaya ya Ngorongoro, kaskazini mwa milima ya Gol, upande wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ukitoka Karatu unapita lango la Loduare, unaambaa na ukingo wa kreta, unashuka kuelekea Oldupai, halafu unaiacha barabara ya watalii na kufuata njia zilizochorwa na matairi kwenye nyasi fupi. Kiangazi ni vumbi tupu, masika tope linaweza kukulaza njiani. Nyumbu wakija kuzaa kwenye nyanda hizo, kati ya Januari na Machi, wafugaji huwaondoa ng'ombe zao karibu nao, maana ndama wa nyumbu hubeba virusi vinavyoua ng'ombe. Mtandao wa simu unashika kwa mahali. Ukitaka kutuma picha, unapanda mwinuko.

Shanga hutungwa pale siku inapoachia nafasi. Mwanamke wa Kimaasai hukama, huteka maji, hutafuta kuni, na nyumba anayolala ameijenga kwa mikono yake mwenyewe, kwa fito, udongo na samadi. Saa za kutunga ni saa alizozipora, mchana jua likiwa kali na mbuzi wakiwa malishoni na watoto. Ndiyo maana nikisikia mtalii akisema kitu hiki ni ghali “kwa sababu ni shanga tu”, natamani ningemwonyesha ile siku nzima iliyobanwa pembeni ili safu tatu zipatikane.

Shanga zenyewe, isaen kwa Kimaasai, ni za kioo. Zinazotafutwa zaidi ni za Chekia, nchi ambayo eneo la Jablonec limeishi kwa kazi ya kioo vizazi na vizazi. Zipo pia za bei nafuu kutoka Asia, na zipo za plastiki. Dukani tofauti huioni vizuri. Utaiona kwenye safu ya kumi. Shanga nzuri zina unene unaolingana, kwa hiyo duara linakaa. Zile nyingine, moja nene na moja nyembamba, hulipinda duara kama ukuta uliojengwa bila pima maji. Mara mbili nimenunua za nusu bei ili niokoe fedha, na mara zote mbili nimefumua kazi ya wiki.

Zamani zilishikwa kwa mishipa ya wanyama na ngozi. Leo ni uzi wa nailoni, waya, na kitu kimoja ambacho mnunuzi hakitambui hata akikishika: plastiki ya dumu kuukuu la maji, iliyokatwa vipande vyembamba kama njiti na kutobolewa matundu kwa sindano ya moto. Kila baada ya vidole kadhaa, safu zote hupita katika kipande hicho ili zisipandane. Ukigeuza mkufu mpana wa Piyaya utaviona vipo kama mbavu. Dumu lililotekewa maji miaka mitano linamalizia maisha yake shingoni mwa bi harusi.

Halafu zinakuja rangi. Wageni huambiwa kwamba nyeupe ni maziwa, nyekundu ni damu na ushujaa, bluu ni mbingu inayoleta mvua, kijani ni nyasi. Si uongo. Lakini kwa siku zote nilizokaa na Yeyo, sijamwona akichagua rangi kwa sababu ya maana yake. Anachagua kwa sababu ya jirani yake. Nyekundu huiita kijani, bluu huiita chungwa, na nyeupe huingia kukata, kutenganisha wagomvi. Akitazama kazi ya mtu mwingine hasemi “nzuri” au “mbaya”, anaonyesha kwa kidole mahali rangi ilipokatwa vyema au ilipoachwa bila kukatwa.

Jicho hilo halikuanzia kwenye shanga. Limelelewa na ng'ombe. Lugha ya Kimaasai ina maneno mengi ya mabaka na michirizi ya mifugo, na mtoto anayechunga hujifunza kumtambua mnyama mmoja kati ya mia kwa mahali nyeupe inapokutana na nyekundu kwenye ubavu. Msomaji aliyewahi kusikia majina ya miji ya Nanyuki na Narok, Kenya, tayari anazijua rangi mbili za Kimaasai: nyekundu na nyeusi.

Kuna jambo jingine ambalo duka la mtandaoni halina mahali pa kuliandika. Mitindo ya shanga ina miaka. Rika la vijana linapoingia umorani, wasichana wa wakati wao hulitungia mapambo yenye mpangilio mpya, tofauti na wa kaka zao. Rika la Landis lilikuwa na yake, Korianga wakaja na yao. Mtafiti Donna Klumpp, aliyeandika pamoja na Corinne Kratz mwaka 1993 kuhusu mapambo ya Wamaasai na Waokiek, alieleza kwamba mwenye kujua anaweza kuusoma mkufu na kutaja watu wa upande gani na wa wakati gani. Kwa hiyo hii inayoitwa “mila ya kale isiyobadilika” kwenye matangazo ya utalii ni sanaa yenye mitindo inayopokezana kama ya muziki wa dansi. Binti akivaa kitu cha rika lililopita, wenzake wanajua.

Mimi nilianza kwa kuchora. Nilitumia daftari la hesabu lenye miraba, penseli za rangi za wanafunzi, kila mraba ushanga mmoja. Nilimpelekea Yeyo mchoro nilioujivunia. Aliutazama kwa makini sana, akauliza yule mkufu wenyewe uko wapi. Nikamwambia bado sijaanza. “Lakini umeshaumaliza,” alisema. Kwa mwalimu niliyezoea kuandaa somo kabla ya kuingia darasani, neno hilo lilinikaa. Yeye huanza na duara dogo la ndani, la karibu na shingo, akiwa na makopo ya rangi mbele yake. Safu ya pili anaitafuta akishaiona ya kwanza. Safu ya tano huweza kumfanya arudi kuifumua ya tatu. Hadi leo nachora, siwezi kuacha, lakini ukurasa mmoja wa daftari sasa unaishia katikati. Nusu iliyobaki naiacha wazi kwa makusudi.

Ili mtu aelewe ninachopigania kuhusu mauzo, inabidi turudi nyuma kidogo, kwenye wakati ambao Mwafrika wa bara ndiye aliyekuwa mteja.

Richard Burton, aliyeondoka pwani ya Bagamoyo mwaka 1857 kwenda Ziwa Tanganyika, aliandika kwamba kwenye biashara ya misafara kulikuwa na karibu aina 400 za shanga, kila moja na jina lake na mahali pake pa kupendwa. Ile nyekundu iliyoitwa samesame ilikuwa na majina mengine pia, kifunga-mji likiwa mojawapo, na jingine lenye maana ya “kimaliza chakula”, kwa kuwa watu waliacha hata kula ili waipate. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa katika nchi fulani uliweza kufa njaa ukiwa na mzigo mzima mabegani. Mwaka 1883 Joseph Thomson, akijiandaa kuvuka nchi ya Wamaasai, alilazimika kukaa Taveta na watu wake wakizitunga upya shanga zake katika maelfu ya nyuzi, kwa sababu Wamaasai hawakupokea shanga ambazo hazikutungwa kwa urefu wanaoutaka wao. Mafundi wa kioo wa Murano na Bohemia, ambao hawakuwahi kuiona Ngorongoro, walipika rangi kwa kufuata uamuzi wa jicho la mwanamke wa huku.

Leo tunamtafuta mteja aliyeko mbali na tunamuuliza anataka rangi gani. Sisemi hilo ni kosa. Nasema tu kwamba jicho lililowaamrisha wenye viwanda bado lipo, limekaa chini ya mti kule Piyaya, na haifai tuuze mikono peke yake.

Hata kwetu Wairaqw tulikuwa na jicho hilo. Katika marmo, unyago wa wasichana uliokomeshwa enzi za ukoloni wa Waingereza, mabinti waliokuwa ndani walishona sketi za ngozi zilizojaa shanga, zenye mistari na miduara ambayo ukiiona huwezi kuisahau. Sketi hizo leo ziko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Nilizitafuta kwenye simu usiku mmoja, nikakuza picha hadi nikaona mishono. Binti mmoja alikosea kuhesabu upande wa kushoto, akarekebisha kwa ushanga mmoja wa ziada, na marekebisho yake yamehifadhiwa nyuma ya kioo pamoja na sketi. Mahali pa jina la msanii pameandikwa jina la kabila letu. Mama yangu mkubwa, nilipomwonyesha, alisema huenda ni ya mtu tunayemjua. Hakuna atakayetuambia.

Na Wamaasai wenyewe wamepitishwa kwenye aibu ambayo wengi wa rika langu hawaijui. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwaachisha mavazi na mapambo yao, ikiyaona kuwa ni alama ya kubaki nyuma. Shanga zilizoondolewa shingoni wakati ule ndizo zinazopamba mabango ya utalii wakati huu.

Nilipoanza kuuza sikuyawaza haya yote. Nilipiga picha mkufu mmoja juu ya kaniki, dirishani, saa moja asubuhi kabla mwanga haujawa mkali, nikaiweka Instagram. Kaniki ni bora kuliko kitambaa cheupe, rangi za kioo zinasimama. Baadaye nikajifunza kupiga na picha ya nyuma, pale kwenye fundo, na picha ya mkufu ukiwa umevaliwa, ili mtu ajue unakaa wapi kifuani. Nikajifunza kuweka rula pembeni. Nikajifunza pia kuandika bei waziwazi. Wauzaji wengi wa mtandaoni hapa nchini humtaka mteja aulize faragha, na naelewa wanaogopa washindani, lakini bei iliyofichwa humfanya mnunuzi ahisi anapimwa mfuko, na humnyima mtunga shanga wa kijiji kingine nafasi ya kujua kazi kama yake inauzwaje.

Bei yenyewe niliikosea kwa muda mrefu. Nilijumlisha shanga, uzi, nauli, basi. Mikono haikuwamo. Nilipoanza kuandika saa kwenye daftari, niligundua mkufu mpana unanichukua saa 22, na Yeyo, ambaye ni mwepesi kuliko mimi, siku sita au saba za mchana. Niliona haya kuisoma hesabu ile, kwa sababu nilikuwa nimezitoa bure saa za mwanamke mwingine pamoja na zangu.

Ndani ya nchi mambo ni mepesi. M-Pesa iko Tanzania tangu 2008, watu wamezoea Lipa Namba, na kifurushi cha Dar es Salaam au Mwanza unakikabidhi kwenye basi, unatuma namba ya gari, kesho kimefika. Nje ya nchi ndiko kugumu. PayPal kwa miaka mingi imemruhusu mtu wa Tanzania kutuma fedha bila kupokea, wakati Kenya iliunganishwa na M-Pesa yao tangu 2018. Ndiyo maana mikufu mingi ya upande wetu huuzwa na mtu aliyeko nje au ng'ambo ya mpaka, na jina linaloonekana dukani ni lake. Posta ina huduma ya EMS inayofika karibu kila nchi, na mimi huitumia. Lakini tangu Agosti 29, 2025, Marekani iliposimamisha msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800, kifurushi cha mteja wa kule kinaweza kudaiwa ushuru, kwa hiyo namweleza mapema, kabla hajalipa. Kwenye fomu ya forodha, mapambo kama haya huingia namba 7117, kundi la vito vya kuiga. Kila ninapoijaza namba hiyo natamani kungekuwa na mstari mwingine chini yake.

Mwaka wa pili wa kuuza nilipata oda ya mikufu 40. Mnunuzi alikuwa na duka nje ya nchi, aliipenda picha ya mkufu mmoja wa Yeyo, akataka 40 kama ule ule, ushanga kwa ushanga. Nilikubali kabla hata sijampigia Yeyo. Fedha hiyo ilikuwa kubwa kuliko tulizopata miezi yote kabla yake. Nilichora ule mkufu kwenye daftari la miraba, nikatoa nakala, nikazipeleka Piyaya pamoja na shanga.

Wanawake watatu walianza. Mkufu wa kwanza ulitoka vizuri, na wa pili. Kufikia wa 9 nyuzi zilianza kulegea. Hakuna aliyelalamika, wote walihitaji fedha. Ule wa 12 Yeyo aliubadilisha. Palipotakiwa chungwa aliweka kijani, akaikata kwa nyeupe mara mbili, na kwa macho yangu ulikuwa mzuri kuliko ule wa asili. Mnunuzi aliukataa, akaukata kwenye malipo, na alikuwa na haki, kwa sababu mimi ndiye niliyemwahidi nakala. Tulifikisha 26 nikamwomba tuishie hapo.

Nilimwuliza Yeyo kwa nini aliubadilisha. Alinijibu bila kuacha kutunga: “Huyo wa kwanza ameshazaliwa. Huyo mnunuzi akitaka, ninaweza kumzalia mdogo wake.”

Tangu siku hiyo nauza hivyo. Kilichouzwa kimeuzwa. Anayeandika “nataka kama ule wa Machi” anajibiwa kwamba ule ulikuwa mmoja, ila mwenye kuutunga yuko tayari kuutungia mdogo wake, na hajui bado utakuwa na sura gani. Wapo wanaoondoka. Wanaobaki husubiri wiki nne na hawaulizi mara mbili. Kila mkufu unasafiri na kikaratasi kigumu, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, chenye jina la aliyeutunga kama yeye mwenyewe anavyotaka liandikwe, mahali na mwezi. Mmoja wao aliandika na jina la mama yake aliyemfundisha. Mwingine alitaka liandikwe la ng'ombe wake mwenye mabaka aliyoyaiga, na tukaliandika.

Sidai kwamba kikaratasi kinatosha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua kazi za sanaa za mikono, na mtunga shanga analindwa nayo kama mwandishi wa kitabu, lakini nani atampa mtu haki kama jina lake halikuandikwa popote? Louis Vuitton ilipotoa mavazi ya wanaume ya msimu wa kiangazi wa 2012 yenye mirabaraba ya shuka la Kimaasai, mjadala uliofuata, ulioendeshwa na wazee wa Kimaasai wa Kenya na Tanzania kupitia mpango wao wa hakimiliki, ulihusu kabila zima. Mjadala huo ni wa haki na nauunga mkono. Lakini kabila likishalipwa, bado yupo mwanamke mmoja aliyeamua nyeupe ikae wapi. Wachoraji wa Tingatinga wana jina la Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, na mtindo mzima unaitwa kwa jina la mtu mmoja. Nani anaweza kumtaja mtunga shanga mmoja wa Ngorongoro?

Kwa wanawake wa Piyaya fedha ya shanga imeacha kuwa ya ziada. Mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 za eneo la Loliondo, wilayani Ngorongoro, zilitengwa kuwa hifadhi ya Pololeti, na Piyaya ni moja ya kata zilizoguswa. Malisho yakipungua, mbuzi wa kuuza ili kulipa gharama za shule hupungua pia. Kuna mashirika yaliyosimama na wanawake wa Loliondo kwa muda mrefu, kama Baraza la Wanawake Wafugaji lililoanzishwa 1997 na Maanda Ngoitiko na wenzake. Ipo pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambamo wanawake wametengewa asilimia 4. Ningependa kuona mkopo wa namna hiyo ukinunua shanga nzuri za nusu kilo nusu kilo na simu moja yenye kamera ya maana, ikae Piyaya, mikononi mwa binti wa huko, ili nisihitajike tena katikati.

Binti huyo yupo. Amemaliza kidato cha nne, ni mjukuu wa Yeyo, na tangu mwaka jana yeye ndiye anayepanda mwinuko kutuma picha. Picha zake ni bora kuliko zangu. Hatumii kaniki, anautundika mkufu kwenye tawi la mgunga asubuhi, na miiba inauzuia usicheze na upepo.

Mara ya mwisho nilipokwenda nilimkuta Yeyo na binti wameinamia simu. Mteja mmoja wa Ujerumani alikuwa ametuma picha akiwa amevaa mkufu wake, mama wa makamo, anacheka, nyuma yake theluji. “Takwenya, Yeyo,” niliamkia. “Iko,” aliitikia, macho yakiwa bado kwenye kioo cha simu. Mteja alikuwa ameuvaa mkufu kinyume, nyuma mbele, fundo likiwa kidevuni na ule mkato mrefu wa nyeupe ukiwa mgongoni asikoweza kuuona.

Yeyo alimwambia mjukuu wake aandike. Binti aliandika, akafuta, akaandika tena, akauliza “fundo” kwa Kiingereza ni nini. Nikamwambia. Tulipomaliza tukapanda wote watatu mpaka kwenye mwinuko, tukasimama tukingoja alama ya mtandao, chini yetu mbuzi wakitawanyika kwenye vichaka. Ujumbe ulipokwenda, Yeyo alinigeukia. Chungwa imemwishia, alisema. Nikirudi kutoka Karatu nimletee, ya Chekia, na nisiruhusu yule mwenye duka anipimie ile ya plastiki tena.